Daftari la Kina Mama Lahamia Visandukuni

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema kweli, lakini kwa kuwa hawakuwahi kuiona tarakilishi, hawakutuachia methali ya mtu ambaye daftari analo, limepigwa chapa vizuri, linasomeka hata na mtoto wa darasa la pili, ila halihesabiki. Hayo ndiyo yaliyotukuta nyumbani kwetu muhula wa kwanza. Nimeona niyaandike hapa kwa sababu nina hakika kuwa katika kila boma la Kakamega yupo mama, senje au jirani aliye na makaratasi ya namna hiyo chini ya godoro.

(Mwalimu wetu wa Kiswahili hutaka tuseme tarakilishi. Sisi darasani twasema kompyuta. Nitatumia yote mawili ili pasiwe na mtu wa kuninunia.)

Mama yangu mzazi ni mweka hazina wa kikundi cha kina mama huku kwetu upande wa Lurambi. Wako 32. Hukutana Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi chini ya mparachichi wa mwenyekiti, kila mmoja akaweka akiba yake mezani. Wengi hutoa shilingi 500, walio na uwezo mdogo hutoa 200 au 300, na aliyeuza ng'ombe aweza kutoa hata elfu. Kisha pesa hizo hazilali. Anayetaka mkopo huomba papo hapo, na mwezi unaofuata hurudisha na riba kidogo. Anayechelewa kufika hutozwa faini ya shilingi 50, na hapo hakuna cha udugu wala ujirani. Hata mwenyekiti ameshawahi kulipa. Kila baada ya miaka 3 akiba zote hugawanywa, kila mtu kwa kadiri ya alichoweka. Mgawanyo huo kwetu si jambo la mzaha. Karo yangu na pesa za chakula cha mchana shuleni zimekuwa zikitoka humo humo.

Mzunguko huu ulianza Januari mwaka juzi. Hesabu zilikuwa zikiandikwa katika daftari la kawaida la kurasa 96. Basi Aprili mwaka jana mvua ya mawe ikanyesha. Mwenyeji wa Kakamega haambiwi mvua yetu. Huja alasiri kama mtu anayedai deni. Bati moja la jikoni likatoboka na daftari likalowa chapachapa. Mama alilianika juani siku 2, wino umetawanyika kama ramani ya mito. Yaliyosomeka yalipelekwa mjini kwenye duka la kompyuta, kijana mmoja akayapiga chapa katika Word kwa shilingi 30 kila ukurasa, na pale asipoweza kusoma kina mama walimsomea. Miezi iliyofuata ikapigwa chapa na kijana mwingine. Kufikia Februari mwaka huu zilikuwa zimetimia kurasa 38 za miezi 26, zimehifadhiwa ndani ya kifaa kidogo cha flashi ambacho Mama hukifunga kwenye pembe ya leso. Lile daftari la kwanza lenyewe lilizidi kubambuka mpaka likawa halina faida tena.

Mambo yangebaki hivyo lau si minong'ono. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika mkutano wa Februari mama mmoja alisimama akauliza, "Mweka hazina, hizo hesabu unazotusomea sisi tutajuaje ni za kweli? Simu yako ndiyo inayojumlisha, nasi hatuioni." Akaketi. Mwingine akacheka kando. Mama hakujibu neno. Usiku huo aliwasha taa, akazitandaza zile kurasa 38 mezani, akaanza kujumlisha akiba kwa kikokotoo cha simu. Alijumlisha mara 3. Mara 2 alipata 412,350, na ya tatu akapata kitu kingine kabisa. Nililala nikamwacha, na nilipoamka saa kumi na moja kujitayarisha kwenda shule alikuwa ameegemeza kichwa juu ya karatasi, simu imezimika chaji mkononi.

Nilimwendea mwalimu wa kompyuta siku hiyo hiyo. Chumba chetu cha kompyuta kina mashine 14, zinazowaka ni 9, na siku za masomo tunakaa watatu watatu kwa kila moja. Mwalimu akanikubalia nitumie moja siku za Ijumaa baada ya vyama, mpaka saa kumi na moja, na kwa sharti kwamba stima ikipotea nisimlilie. Akaniambia, "Word ni karatasi. Excel ni kabati lenye droo. Kazi yako ni kutoa nguo zilizotupwa kitandani na kuzitia kwenye droo, kila nguo na droo yake."

Hebu nieleze kidogo kwa wasiochukua somo hili. Programu ya kuchapia maandishi, kama Word, hujali jinsi maneno yanavyoonekana. Haijui kuwa 500 ni pesa. Kwayo hizo ni alama tatu za wino. Lahajedwali, kama Excel, ni safu za kusimama na safu za kulala zinazokatana zikafanya visanduku, na kila kisanduku huulizwa: wewe ni neno, ni tarakimu au ni tarehe? Lahajedwali ya kwanza kupata umaarufu kwenye kompyuta ndogo iliitwa VisiCalc, ikatoka mwaka 1979 Marekani. Mmoja wa walioibuni, Dan Bricklin, alikuwa mwanafunzi wa biashara Harvard, na wazo lilimjia akimtazama mwalimu wake ubaoni: kila tarakimu moja ilipobadilika, mwalimu alilazimika kufuta na kuandika upya nyingine nyingi. Niliposoma hayo nilimwona Mama na kikokotoo chake usiku wa manane. Harvard na Lurambi, shida moja.

Nilidhani kazi ni ya dakika 10. Ukichagua yote, ukanakili, ukabandika, umemaliza. Wapi! Kijana wa kwanza alikuwa amepanga hesabu zake katika jedwali zuri, lakini ndani ya kisanduku kimoja aliweka mistari miwili au mitatu: jina la mama, chini yake "kwa mkono wa dadake", chini yake tena "amechelewa". Machoni ni safi. Zilipofika Excel kila mstari ulidai safu yake, jina likawa huku na pesa kule, mtu mmoja akawa watu watatu. Dawa yake mwalimu alinionyesha, na nawapa bure: kabla ya kunakili, ukiwa bado ndani ya Word, fungua ile sehemu ya kutafuta na kubadilisha, utafute ^p, ambayo ndiyo alama ya mwisho wa aya, uibadilishe iwe alama isiyotumika kwingine, kama #. Kisanduku hubaki mstari mmoja, nawe ukishafika ng'ambo utajua pa kukata.

Kijana wa pili yeye hakutumia jedwali. Alisukuma maneno kwa kile kitufe kirefu cha nafasi mpaka yakakaa sawa. Hapo tuligeuza nafasi zote zilizofuatana, mbili au zaidi, ziwe alama moja ya tabo, kwa kuwa Excel huielewa tabo kama ukuta kati ya kisanduku na kisanduku. Hatari ilikuwa kwenye mapengo. Mama ambaye hakukopa mwezi huo aliachiwa nafasi tupu. Nafasi zikikunjwa kuwa tabo moja, pengo hutoweka, na kilicho kulia kwake husogea kushoto. Faini ya 50 ikajikuta kwenye safu ya mikopo. Niliporudi nyumbani na karatasi ya majaribio, Mama aliisoma akashangaa: "Nani tena huyu aliyekuja kukopa hamsini? Hamsini hata majani na sukari hainunui!" Tulicheka, kicheko cha kwanza baada ya wiki mbili. Ijumaa iliyofuata nilijaza 0 katika kila pengo kabla ya kugeuza lolote.

Tarehe nazo zilikuwa na kioja chao. Kompyuta yetu ilikuwa imewekwa kwa desturi ya Marekani, mwezi kwanza kisha siku. 2/5, yaani tarehe 2 Mei, ikasomwa kuwa Februari 5. Kwa kawaida kosa kama hilo hujifichua, maana 25/5 haina mwezi wa 25 na mashine huiacha kama neno tu. Lakini Alhamisi ya kwanza haiwezi kupita tarehe 7! Kila tarehe yetu ilikubaliwa bila ubishi, na kwa mujibu wa Excel kikundi cha kina mama hakikuwahi kukutana baada ya Julai, mwaka wowote. Tulibadilisha mpangilio wa mashine kuwa wa Uingereza tukabandika upya. Ukurasa wa nambari za simu nao ulipoteza sufuri zote za mbele, 07 ikawa 7, kwa kuwa mashine yaona sufuri ya mbele haina thamani. Mwambie hivyo mtu anayengoja pesa za M-Pesa. Safu ya namna hiyo huamriwa mapema kuwa ni ya maandishi, kabla ya kubandikwa chochote.

Msidhani ni sisi wa huku tu tunaosumbuka. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilibadilisha baadhi ya majina, kwa kuwa jeni iliyoitwa MARCH1 kila ikiingizwa katika Excel ilikuwa inageuzwa tarehe 1 Machi. Sasa inaitwa MARCHF1. Na mwezi Oktoba mwaka huo huo, Uingereza iligundua kwamba karibu visa 16,000 vya korona vilikuwa vimeachwa nje ya hesabu, kwa sababu takwimu za maabara zilihamishiwa katika faili ya Excel ya muundo wa zamani, isiyobeba safu zaidi ya 65,536. Zilizozidi zilikatwa kimya kimya. Wagonjwa walikuwepo, majibu yao yalikuwepo, lakini waliokuwa karibu nao hawakuarifiwa kwa wakati. Nilimsomea Mama habari hii. Akauliza kama hao Waingereza nao walikuwa na mtu wa kuwasimamia mkutanoni.

Sasa nije kwenye kiini. Baada ya Ijumaa 3 nilikuwa na safu 832, yaani watu 32 mara miezi 26. Nikaiamuru mashine ijumlishe akiba. Ikanijibu 61,200.

Sikutetemeka sana, maana niliona sababu. Wale vijana walikuwa wameandika "500/=" mahali pengi, na ule mkia unaifanya tarakimu kuwa neno. Mashine ilikuwa imejumlisha zile tu zisizo na mkia. Nikafuta mikia yote kwa amri moja. Jumla ikaruka hadi 396,850. Kisha nikachunguza upande. Ndani ya Excel, usipoingilia, tarakimu hukaa kulia na maneno hukaa kushoto, kwa hiyo kinachojidai ni tarakimu huku kimeegemea kushoto kina jambo. Nikavipata visanduku 4 ambavyo 500 ilikuwa imeandikwa kwa herufi O badala ya sufuri. Nikavirekebisha. 398,850.

Hapo ikasimama. Mama alikuwa amepata 412,350 mara mbili. Zilikuwa zimepungua 13,500.

Sitaficha kwamba nilirudi nyumbani kwa miguu siku hiyo, ingawa nilikuwa na nauli ya bodaboda mfukoni. Nilitaka njia iwe ndefu. Ukitoka shuleni kwetu unapita karibu na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, na wanafunzi walikuwa wakitoka makundi makundi wakicheka, nami nikiwaza: je, na kama wale mama wana haki? Simshuku mamangu. Lakini mtu hujua kuwa nyumba yetu ilikuwa na madirisha mapya ambayo sikumbuki kuuliza yalitoka wapi. Mawazo ya namna hii huja yenyewe, na ukiyafukuza yanakaa mlangoni. Nilipofika alikuwa anachambua mrenda. Akauliza, "Imefika wapi?" Nikamjibu kuwa bado inaendelea. Akanitazama kitambo, akarudi kwenye mrenda wake.

Ijumaa iliyofuata nilimweleza mwalimu. Hakusema lolote kuhusu Mama. Alisema tu, "Usiiulize jumla. Iulize kila safu." Tukaiamuru mashine ituonyeshe visanduku vya akiba ambavyo si tarakimu. Vikajitokeza, vyote kutoka kurasa za kijana wa kwanza, na ndani ya kila kimoja mlikuwa na vijialama viwili vidogo, kama vya kufungulia usemi.

Wasomaji wenzangu, mnazijua alama hizo. Ni zile tunazoandika tukichoka kurudia jambo, kuonyesha kuwa ni kama hapo juu. Mama aliziandika daftarini siku ambazo kina mama walitoa 500 mfululizo na mkono umechoka. Kijana alizipiga chapa kama alivyoziona. Mtu yeyote akisoma karatasi anaelewa, jicho linapanda juu, linakuta 500, linashuka. Mashine haina jicho la kupanda. Kwayo huyo mama hakutoa kitu.

Tulizihesabu zikawa 27. Kila moja ilikuwa chini ya 500. Nikachukua kalamu nikazidisha kwenye kiganja cha mkono, sikutaka mashine inifanyie hiyo. 27 mara 500 ni 13,500.

Mwalimu aliangalia kiganja changu, akaenda kufunga madirisha. Jambo moja aliloniambia akiwa huko dirishani ni kwamba bahati ilikuwa yangu kwa kuwa sikuwa nimepanga majina kwa alfabeti bado. Majina yangehama, kila alama ya "kama hapo juu" ingejikuta chini ya mtu mwingine, labda aliyetoa 200, na hakuna mwanadamu ambaye angejua tena. Tangu hapo kila orodha nikiigusa huanza kwa safu ya nambari, 1, 2, 3 mpaka mwisho, ili hata nikiichafua vipi niweze kuirudisha ilivyokuwa.

Nyumbani nilimwambia Mama siku hiyo hiyo, na habari ya zile wiki niliyonyamaza nikamwambia pia. Alisema, "Nilijua una kitu. Ulikuwa unanisaidia kuosha vyombo bila kuambiwa."

Kulikuwa na fundo moja ambalo hata mwalimu hakuweza kulifungua. Katika kikundi kuna wanawake wawili wenye jina moja, la kwanza na la ukoo. Mmoja ni kukhu wa makamo ya nyanya yangu, mwingine ni mama kijana aliyeolewa kutoka Khayega. Katika daftari Mama aliandika "(wa Khayega)" kando ya jina la mmoja, akikumbuka. Asipokumbuka hakuandika, kwani yeye aliwajua wote wawili kwa sura. Nilipoiamuru mashine itoe jumla ya kila jina, iliwaunganisha wakawa mtu mmoja tajiri. Nikampa kila mwanachama namba yake. Kukhu alipoambiwa aliuliza, "Mwana wanje, yaani sasa mimi nimekuwa namba?" Nikamjibu, "Ndiyo kukhu, namba 19, lakini jina lako liko pale pale kando." "Na yule mwenzangu?" "Namba 20." Akatikisa kichwa akaridhika. "Basi nimemtangulia."

Lakini namba haziambii yaliyopita. Kulikuwa na miezi 6 ambayo jina lilitokea mara mbili bila alama, pesa zikiwa 500 na 200. Nani alitoa nini? Ningeweza kukisia. Mashine ingelikubali kisio langu kwa heshima ile ile inayoikubali kweli. Mama akakataa katakata, akasema hayo ni ya wenyewe.

Basi katika mkutano wa Aprili wawili hao wakaketishwa kwenye kiti kimoja kirefu, nami mbele yao na karatasi. Nilisoma mwezi, wao wakatafuta. Ilikuwa ajabu kusikiliza. Mwezi huu kukhu alikuwa ameuza ndama, kwa hiyo 500 ni yake. Mwezi ule yule wa Khayega alikuwa amelazwa na mtoto hospitali kuu ya hapa mjini, na 200 yenyewe aliituma kwa shemejiye, na shemejiye alikuwepo akaitikia. Mwezi mwingine ulikuwa wa mazishi ya mzee fulani, na kukhu alitoa mchango mkubwa huko akabaki na 200. Wa nne ulikuwa wa kupanda mahindi na mbolea ilikuwa imepanda bei. Hapo walibishana kidogo mpaka mwenyekiti akakumbuka nani alikopa mwezi huo. Miezi 2 ikabaki, hakuna anayekumbuka kitu. Yule kijana akasema kukhu achukue zile 500 zote mbili. Kukhu akasema hapana, yeye si maskini wa kuhurumiwa. Wakakubaliana kujumlisha 500 na 200 na kugawa kati, 350 kwa 350. Nikaandika hivyo, na kando nikaongeza safu ya maelezo: "kwa makubaliano, mbele ya wanachama."

Kisha nikaisoma jumla. 412,350. Yule mama aliyeuliza swali mwezi wa Februari aliomba karatasi, akafuata safu yake kwa kidole mwezi baada ya mwezi, midomo ikicheza. Akafika mwisho, akasema, "Sawa." Halafu akataka faini yake ya Novemba iangaliwe tena kwa kuwa siku hiyo hakuchelewa, ni mvua. Hakuomba radhi, na Mama hakuonekana kungoja aombwe. Aliifungua leso akatoa flashi, akaipitisha ili kila mtu aishike, ijapokuwa hakuna kinachoonekana ukiishika.

Kazi haijaisha kabisa. Katika safu ya 214, mkopo wa shilingi 2,000 umeandikwa mbele yake neno moja tu, "amelipa". Kiasi hakuna, tarehe hakuna. Aliyekopa alihamia Eldoret kwa mwanawe na simu yake haishiki. Nilimuuliza Mama niandike nini, maana kisanduku cha pesa hakitaki neno. Akasema nisiandike 0, kwa kuwa hiyo ni kumwita mdeni, wala nisiandike 2,000, kwa kuwa hatukuziona. Nimekiacha kitupu na kukipaka rangi ya njano. Mama atampigia tena Jumapili baada ya kanisa, wakati ambao anadhani watu wa Eldoret huwa nyumbani.